Nani Atasimulia ya Farm 17? Kumbukumbu za Historia katika Vijiji vya Nachingwea na Ruangwa

Katika historia ya nchi ya Msumbiji, jina la Nachingwea hutajwa kwa heshima kubwa. Hapa ndipo chama cha FRELIMO kilipokuwa na kambi yake kuu ya mafunzo kuanzia mwaka 1965. Hapa ndipo Samora Machel, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, alipofundisha wapiganaji. Lakini mwulize kijana wa Nachingwea uliyekutana naye stendi habari za kambi hiyo. Si ajabu akakujibu kwamba Farm 17 ni jina la mahali tu. Njia ya kufika huko anaijua vizuri. Kwa nini mahali hapo pana jina la Kizungu na namba, na nani waliishi hapo, hajawahi kuambiwa.

Hatuna sababu ya kumlaumu. Sisi watu wazima tumehudhuria maadhimisho mengi sana bila kukumbuka mambo mengi. Maneno haya mawili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, lakini sivyo. Kuadhimisha ni kuipa siku heshima yake: watu wanakusanyika, bendera inapandishwa, mgeni rasmi anahutubia. Kukumbuka ni kujua nini kilitokea, wapi, na kwa nani. Jamii inaweza kuadhimisha kila mwaka na bado isikumbuke chochote kuhusu kijiji chake yenyewe. Makala hii inaeleza namna mambo haya mawili yanavyoweza kukutanishwa katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kusubiri miaka mingine kumi.

MAADHIMISHO TULIYONAYO

Kalenda ya taifa ina siku kadhaa za historia. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999, na tarehe 9 Desemba ni siku ya Uhuru. Pamoja na hizo tunao Mwenge wa Uhuru, uliopandishwa juu ya Mlima Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru mwaka 1961. Mbio zake zilianza mwaka 1964, na kila mwaka hupita wilayani kuzindua miradi na kutoa ujumbe wa mwaka huo.

Siku hizi zina faida yake. Siku ya Mashujaa, kwa mfano, silaha za jadi kama mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, kisha viongozi wa dini zote huomba dua na sala mmoja baada ya mwingine. Hilo ni jambo la kuiga, nasi tutalirudia hapo chini. Tatizo ni kwamba ratiba ya kitaifa haiwezi kubeba habari za kila kijiji. Mwenge unapokesha wilayani, kinachosomwa ni taarifa ya mradi: zahanati imegharimu kiasi gani, wananchi wamechangia nini. Nafasi ya bibi aliyewahi kuwatwangia mahindi wapiganaji wa Msumbiji haimo. Nafasi hiyo kijiji kinatakiwa kuitengeneza chenyewe.

ARDHI MOJA, HISTORIA NYINGI

Tukianza na zilizo karibu zaidi na macho, kuna historia ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ikabuni mpango wa kulima karanga katika Afrika Mashariki kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mapori yalifyekwa kwa mashine nzito, nyingine zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi ikafika Nachingwea mwaka 1949, na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili hiyo hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36. Bandari ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kushindikana. Reli nayo ikafungwa na kung'olewa mapema katika miaka ya 1960.

Mji wa Nachingwea ulikua kutokana na mpango huo, na jina la Farm 17 ni mabaki yake, kwa kuwa mashamba yale yalipewa namba. Vitabu vya Kiingereza kuhusu kushindwa kwa karanga vimeandikwa vingi. Vinaeleza makosa ya mawaziri na wakurugenzi. Ni vichache mno vinavyoeleza mashamba na makaburi ya nani yalipitiwa na tingatinga, au vijana walioajiriwa walilala wapi na kula nini. Kijana wa miaka 15 wakati tingatinga la kwanza linaanza kazi mwaka 1947 alizaliwa mwaka 1932. Wenye umri huo waliobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Kisha wakaja wapigania uhuru. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kambi yao ya kwanza kubwa nchini ilikuwa Kongwa. Kuanzia mwaka 1965 kazi ya mafunzo ilihamia Nachingwea, karibu zaidi na uwanja wa vita. Wanafunzi wake walijifunza silaha na siasa, wakisaidiwa kwa kipindi fulani na wakufunzi kutoka China, na walilima chakula chao wenyewe kama sehemu ya mafunzo. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake 25 lilifika kujifunza kazi ya kijeshi, akiwamo Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora. Alifariki tarehe 7 Aprili 1971 jijini Dar es Salaam akiwa na miaka 25, na hadi leo tarehe hiyo ni Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Tanzania ilikuwa mwenyeji. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi ilipovunjwa mwaka 1994. Lakini neno "Tanzania" hapa linaficha watu. Wenyeji halisi walikuwa wanakijiji wa Nachingwea, Masasi, Newala na Tunduru. Wao ndio waliouza na kugawa chakula, waliowapokea wakimbizi, waliotunza siri wakati majasusi wa Wareno wanatafuta habari. Mjini Mtwara, katika makaburi ya Naliendele, wamelala wanajeshi wa Tanzania waliopoteza maisha kwa ajili ya Msumbiji, na huwekewa mashada ya maua. Wanakijiji hawakuwahi kuwekewa shada, wala wengi wao hawakudai.

Upande wa Ruangwa mambo ni tofauti kidogo. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1995, hivyo historia yake ya utawala ni fupi. Leo nje ya mkoa inajulikana zaidi kwa timu ya Namungo na madini ya kinywe. Urithi wake umelala katika mahame. Ukipita porini ukakuta miembe mikubwa imesimama kwa mstari mahali pasipo na nyumba, ujue hapo palikuwa na watu. Wengine walihama kwa njaa, wengine kwa vita, na wengi zaidi walihamishwa wakati wa kuundwa kwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Walipoondoka waliacha makaburi. Wapo wazee wanaoweza kukuonyesha, mwembe kwa mwembe, nani aliishi hapa na alizikwa wapi. Watoto wao hawawezi. Na kwa kuwa mashamba ya ufuta na korosho yanapanuka kila mwaka, na wawekezaji wa madini wanapima maeneo, hame lisilojulikana na mtu lina hatari ya kulimwa au kuchimbwa bila mtu kulalamika. Kwa hiyo kujua mahame si suala la ngoma na vyakula vya asili peke yake. Familia inayoweza kuonyesha makaburi yake ina neno la kusema siku ya mazungumzo ya fidia.

MAJIMAJI: VITA MOJA, KUMBUKUMBU MBILI

Historia nzito kuliko zote katika eneo letu, na iliyo ngumu kwa watu wa dini, ni ya Vita vya Majimaji. Vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, ambako watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Katika wiki chache vilikuwa vimefika Liwale na kwa Wamwera. Mwezi Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto.

Kisha Wajerumani wakalipiza. Walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula mpaka watu wakafa kwa njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya chini ya waliokufa ni watu 75,000. Wanahistoria wengine wanasema walifika 250,000 hadi 300,000.

Hapo ndipo kumbukumbu zinapogawanyika. Kanisani askofu na wenzake wanakumbukwa kama watu waliomwaga damu kwa ajili ya imani. Nje ya kanisa, waliopigana wanakumbukwa kama mashujaa waliokataa kutawaliwa. Zipo familia ambazo zina ukoo pande zote mbili: babu mmoja alikuwa katekista, mwingine alikunywa maji ya dawa. Mara nyingi njia tunayochukua ni kunyamaza. Parokia inaadhimisha yake ndani ya uzio, serikali inaadhimisha yake uwanjani, na mtoto anakua akidhani ni vita viwili tofauti.

Wenzetu wa Songea wametangulia katika jambo hili. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni, na baadhi yao walibatizwa na mmisionari kabla ya kunyongwa. Leo pana makumbusho na mnara wenye majina yao, na kila mwezi Februari watu hukusanyika. Wanaokuja ni wajukuu wa mashujaa, viongozi wa serikali, mapadri na masheikhe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Chifu Songea Mbano na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Hoja ya mabaki ya wafu yaliyopelekwa Ujerumani bado inaendelea. Jambo la kutazama ni kwamba familia ziliweza kuzungumza na rais wa nchi kubwa kwa sababu majina yalikuwa yametunzwa. Kwa Wamwera na Wangindo wa upande wetu, waliopoteza watu wengi vilevile, tuna majina mangapi?

HESABU YA MIAKA

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini wakakusanye masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwapo au waliosimuliwa na wazazi wao. Wanafunzi wale walikuwa vijana wa kawaida wenye madaftari na kalamu. Walichoandika ni hazina. Bila wao tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake, yaani vita tungeisoma kwa macho ya aliyeshinda. Wazee wale wote sasa wamekwisha kwenda.

Kati ya mwaka 1905 na 1968 kuna miaka 63. Sasa hesabu kutoka mwaka 1965, FRELIMO walipohamia Nachingwea. Tumekwisha vuka miaka 60. Maana yake sisi tumesimama mahali pale pale waliposimama wanafunzi wale. Aliyekuwa na miaka 15 kambi ilipofunguliwa alizaliwa mwaka 1950. Bado anatembea, bado anakumbuka, na kila masika tunamzika mmoja wao. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kalamu, sisi kila nyumba ina simu inayorekodi sauti.

Sababu nyingine ya kufanya haraka iko shuleni. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa Ruangwa aliyetoka Kagera au Mara atafundisha Majimaji kama ilivyo kwenye kitabu. Akipata masimulizi matatu ya kijiji anachofundisha, somo linabadilika kabisa.

SIKU YA KIJIJI INAVYOANDALIWA

Neno "tamasha" limezoeleka, na mifano mizuri ipo. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kimekuwa kikizialika jamii za makabila mbalimbali kuonyesha nyumba, vyakula, ngoma na historia zao. Mtwara kuna Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake linaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Matamasha haya yamewapa wachezaji wa ngoma heshima na soko. Lakini kijiji kisichukue umbo la tamasha la mjini na kulipandikiza. Kwa uzoefu wetu wa kazi za jamii, fedha nyingi za shughuli kama hizi huishia kwenye fulana, bango na spika za kukodi. Mgeni rasmi anachelewa saa tatu huku wazee wameketi juani, kisha anasoma hotuba iliyoandikwa ofisini, ngoma inachezwa dakika tano, watu wanakula ubwabwa na kutawanyika. Kesho yake hakuna aliyeongeza alichokijua.

Kijiji kianze kwa kuwasikiliza wazee. Halmashauri ya kijiji iteue kikundi kidogo chenye vijana wawili au watatu wanaojua kuandika vizuri, mwalimu mmoja, mwanamke mwenye kuheshimika na mzee anayejua koo. Mwanamke si wa kujazia nafasi. Mambo mengi ya kambi na ya njaa wanayajua kina mama, kwani ndio waliopika na kuchota maji, na hawatayasema mbele ya kundi la wanaume. Mwende kwa mzee mapema, mumpe taarifa siku moja kabla, mwamkie kama inavyopasa na mketi anapowaambia mketi. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu. Mwulizeni alichokiona kwanza, ndipo mwulize alichosimuliwa, na muandike tofauti hiyo waziwazi. Andikeni jina lake, mahali alipozaliwa, mwaka au tukio la karibu na kuzaliwa kwake. Asipojua mwaka, matukio husaidia: kabla ya reli au baada yake, wakati wa kuhamia vijijini, wakati wa vita vya Kagera. Asiyependa jambo fulani litajwe hadharani aheshimiwe. Masimulizi yanayopingana yaandikwe yote mawili; haifai kamati kuamua nani mkweli kwa kura.

Baada ya hapo fuateni miguu. Nendeni na wazee hao kwenye mahame, kwenye tuta la reli, kwenye makaburi, mkachore ramani. Mahali muhimu panaweza kulindwa, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya jumuiya kwa kibali cha mkutano mkuu. Jambo moja la tahadhari: asiwepo mtu wa kuchimba. Tetesi za "mali ya Mjerumani" zimeharibu makaburi mengi nchini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua mabaki ya kale bila leseni, na atakayeokota kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa serikalini.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kuangalia shamba. Katika wilaya zetu mwezi Julai na Agosti ufuta na mahindi yamekwisha vunwa, korosho bado hazijaanza kuokotwa, na barabara hupitika. Ni majira ya jando na unyago pia, ndugu wa mbali wanarudi. Siku ya Mashujaa inaangukia humo humo, hivyo hakuna ulazima wa kubuni tarehe mpya. Kijiji kinaweza kufanya yake siku hiyo hiyo au jioni ya kuamkia. Wazee wazungumze kwanza, kabla ya mgeni yeyote, wakiwa kivulini. Majina ya marehemu yasomwe kwa sauti. Watoto waigize au waimbe walichokusanya. Ngoma zipewe muda wake kamili, na mchezaji aeleze ngoma hiyo ilichezwa lini na kwa sababu gani. Hotuba ije mwisho, nayo iwe fupi. Viongozi wakielezwa mapema kwa heshima hukubali, wengi wao wana babu zao humo.

MAMBO YANAYOHITAJI UANGALIFU

Swali la kwanza tunaloulizwa na viongozi wa dini ni tambiko. Baadhi ya koo zitataka kutambika makaburini, na wapo Waislamu na Wakristo ambao hawawezi kushiriki. Haifai kulazimisha, wala haifai kuivunja shughuli yote kwa sababu hiyo. Utaratibu wa Siku ya Mashujaa unatufaa hapa: sheikh anaomba dua, padri au mchungaji anasali, kila mmoja kwa zamu, na ukoo wenye desturi yake uifanye wenyewe kwa wakati wake, nje ya ratiba ya kijiji. Kusafisha makaburi hakuna dini inayokataza. Kazi hiyo ifanywe na wote, asubuhi, kwa majembe na mafyekeo.

La pili ni utumwa. Misafara ya watumwa kutoka eneo la Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilipita katika nchi hii ya kusini, na misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na watumwa waliokombolewa. Historia hiyo isimuliwe. Lakini jina la ukoo wa leo lisitajwe jukwaani kuwa ni wa watumwa au wa wauzaji wa watumwa. Utani wa aina hiyo huanza kwa kicheko na kuishia kwenye posa iliyokataliwa au shamba linalogombewa.

La tatu ni gumu zaidi. Mwaka 1975, miezi michache kabla ya uhuru wa Msumbiji, kambi ya Nachingwea ilitumika kuwaonyesha hadharani watu walioshutumiwa kwa usaliti. Miongoni mwao alikuwamo Mchungaji Uria Simango, aliyekuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO katika miaka ya kwanza ya chama hicho, na mwanasiasa Joana Simeão. Walisomeshwa maungamo mbele ya umati. Hawakurudi tena kwa familia zao. Nchini Msumbiji bado ni kidonda. Je, sisi tuseme nini siku ya kumbukumbu? Kwa maoni yetu, tusifanye mahakama, lakini pia tusifute. Mzee aliyekuwa karibu na kambi akiwa na la kusimulia, asikilizwe na liandikwe kama mengine. Tukisimulia ya ushujaa peke yake, watoto wetu watayasikia haya mengine kwa wageni, na hapo hawatatuamini tena hata kwa yale ya kweli tuliyowaambia.

Uhusiano na Msumbiji unatupa pia nafasi njema. Nchi hiyo ilitimiza miaka 50 ya uhuru tarehe 25 Juni 2025. Tanzania nayo ndiyo mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, ambayo kazi yake ni kutambua na kuhifadhi maeneo kama kambi ya Nachingwea. Wageni watakuja, na watafiti wanakwisha kuja. Kijiji chenye daftari lake na ramani yake kitaketi nao mezani kama mwenye nyumba. Kisichokuwa nacho kitaonyesha njia tu, kisha kisubiri kusimuliwa habari zake.

Kuhusu daftari hilo, kuna jambo moja la kiutendaji ambalo husahaulika. Nakala moja ni sawa na hakuna. Mchwa, mvua na uhamisho wa mtendaji wa kijiji vimekwisha kula kumbukumbu nyingi. Zitengenezwe nakala nne angalau: moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja msikitini au parokiani, na moja kwa afisa utamaduni wa wilaya, naye asaini kuwa ameipokea. Rekodi za sauti zihamishwe kutoka kwenye simu siku hiyo hiyo, kabla simu haijapotea au kuuzwa. Na familia ya mzee aliyesimulia ipewe maandishi ya maneno yake, yamepigwa chapa vizuri, yakiwa na jina lake juu.